Mawakili mnaotaka viti, msomeni Barbara Jordan mpaka mwisho

Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Houston, Texas. Huu mjadala wa mawakili wa kwetu Kenya wanaojipanga kugombea viti uchaguzi wa 2027 nimeufuatilia toka huku mbali, na kila nikifungua simu nakuta watu wamegawanyika, hawa wanasema wakili ndo anafaa kutunga sheria manake anazijua, wale wanasema ukimpa wakili kiti ni kama kumkabidhi fisi bucha. Kilichonifanya niandike ni kwamba pande zote mbili zinamtaja mtu mmoja, yule mama wa hapa Texas, Barbara Jordan, wakili aliyekuja kuwa mbunge, tena wote wanamtaja kwa ile klipu ya mwaka 1974 akiwa kwenye kamati inayojadili kama Rais Nixon wa Marekani aondolewe. Nililetewa tena ile klipu Oktoba 2024 wakati Seneti ya kwetu inamng'oa naibu rais. Sauti nzito, maneno yanatoka polepole kama anahubiri, mtu mzima unasimamisha kazi umsikilize.

Sasa shida yangu ni hii. Watu wanaona klipu ya dakika chache wanadhani kazi ya huyo mama ilikuwa kuongea. Halafu kijana ametoka shule ya sheria juzi, ana sauti nzuri, anajua Kiingereza cha mahakamani, anaambiwa na marafiki wewe una kipaji, simama. Wengi mnaomtaja hamjamfikisha mwanzo wala mwisho, na mimi naishi mji aliozaliwa, jina lake liko kwenye shule na liliwahi kuwa kwenye posta, uwanja wa ndege wa Austin jengo la abiria limepewa jina lake na sanamu yake imekaa pale ndani, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kazaliwa Februari 21, 1936, mtaa unaitwa Fifth Ward, mtaa wa watu weusi, baba yake Benjamin alikuwa karani wa ghala na mhubiri wa Kibaptisti, mama yake Arlyne naye alijulikana kanisani kwa kuongea. Babu yake mzaa mama, John Ed Patten, alikuwa mtu wa skrepa, anakusanya vyuma, matambara na makaratasi anauza, na Jumapili mjukuu ndo alikuwa anakaa naye. Baba wa huyo babu, Edward Patten, aliwahi kukaa kwenye bunge la jimbo la Texas mwaka 1891, mtu mweusi, halafu mlango ukafungwa. Kumbuka hapo, familia ilishawahi kuwa ndani ya hilo jengo la bunge la jimbo pale Austin na ikatolewa, haikutolewa kwa sababu walikosa sauti.

Shule ya upili alisoma Phillis Wheatley, shule ya weusi watupu. Siku moja akaja mwanasheria mwanamke mweusi kutoka Chicago, Edith Sampson, kuwaongelesha wanafunzi habari za kazi, na Barbara akatoka pale ameamua atakuwa wakili, ingawa alikiri baadaye kwamba hakujua vizuri wakili anafanya nini. Hapo nacheka kidogo, nusu ya mawakili wetu waliingia hivyo hivyo.

Chuo alienda Texas Southern, na hiki chuo chenyewe kina kisa. Kulikuwa na mtu wa kupeleka barua anaitwa Heman Sweatt, mweusi, akataka kusoma sheria chuo kikuu cha Texas pale Austin, wakamkataa kwa rangi yake, akashitaki. Jimbo likaona heri lijenge chuo kizima cha weusi Houston mwaka 1947, na shule ya sheria ndani yake, kuliko kumruhusu huyo bwana aingie darasani na wazungu. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema 1950 hapana, huko si sawa kwa sawa, mpokeeni. Sweatt akaingia lakini chuo kikabaki, na Barbara akasoma kwenye hicho chuo kilichojengwa ili mtu mweusi asiingie pengine. Alimaliza 1956. Pale ndo alikuwa kwenye timu ya midahalo chini ya mwalimu Tom Freeman, wakazunguka nchi wakishindana, hata Harvard walipokuja wakatoka sare, na yeye alikuwa anasema sare na Harvard ni ushindi.

Alitaka kusoma sheria Harvard, Freeman akamwambia ukweli, hawatakuchukua, hawajui hata chuo chetu kiko wapi, jaribu Boston University. Akaenda Boston, akamaliza 1959. Na huko ndo alipigwa na baridi ya kweli, si ya theluji tu. Aliona wenzake wanafikiri kwa namna ambayo hakufundishwa, kwenye midahalo yeye alizoea kukariri hotuba na kuitamka vizuri, huku wanataka uivunje hoja vipande vipande mbele ya watu usiku na mchana. Alisema mwenyewe ilibidi ajifundishe upya miaka yote kumi na sita ya shule. Mawakili vijana mnaonisoma, sauti alikuwa nayo tangu Houston, kufikiri alikutafuta kwa kukesha.

Akafaulu mitihani ya uwakili Massachusetts na Texas, akarudi nyumbani. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa meza ya chakula ya wazazi wake. Wateja wanaingia sebuleni, mama anapika huku binti anaandika mkataba. Kesi ndogondogo za mtaani. Baadaye akapata chumba Lyons Avenue, barabara ya biashara ya pale Fifth Ward. Hakutajirika, na wala hakuwa wakili wa kesi kubwa za haki za raia kama watu wanavyodhani, kazi ya kesi kubwa walifanya wengine na yeye alikula matunda yake kama nitakavyoeleza.

Siasa ilimkamata 1960, kampeni ya Kennedy na Johnson. Alikwenda kujitolea, wakampa kazi ya kulamba bahasha na kupanga nyumba kwa nyumba, siku moja mzungumzaji hakutokea wakamwambia simama wewe, na baada ya hapo hawakumrudisha tena kwenye bahasha. Sawa, hapo sauti ilifanya kazi, sikatai.

Mwaka 1962 akagombea bunge la jimbo, yaani Baraza la Wawakilishi la Texas. Dola 500 za ada ya kugombea alikopa. Akashindwa. 1964 akarudia, akashindwa tena. Mtu mmoja wa karibu kwenye kampeni alimwambia tatizo lako una mambo mengi yanayokupinga, wewe ni mweusi, ni mwanamke na ni mnene. Yeye akajibu kwa moyoni kwamba weusi na uanamke hawezi kubadilisha, na unene sioni unamhusu nani. (Kwetu huku mwanamke anayegombea bado anaambiwa hayo hayo, tofauti ni kwamba wanaongezea ameolewa na nani.)

Lakini sababu yenyewe haikuwa unene. Sikilizeni hapa vizuri manake ndo kiini cha barua yangu. Kaunti ya Harris, ambayo Houston ndo mji wake, wabunge wake walikuwa wanapigiwa kura na kaunti nzima. Hakuna eneo bunge la Fifth Ward. Ukigombea kiti kimoja unaomba kura kuanzia mtaa wenu mpaka kwa wazungu wa vitongoji vya mbali ambao hawatakuona hata siku moja, na wao ndo wengi. Yeye mtaani kwao alikuwa anashinda kwa kishindo, halafu mafuriko ya kura za kaunti yanamfunika. Sauti ile ile, mtu yule yule, hotuba ile ile, kashindwa mara mbili.

Na Seneti ya jimbo ilikuwa mbaya zaidi. Katiba ya Texas ilisema kaunti moja haiwezi kuwa na zaidi ya seneta mmoja. Sensa ya 1960 ilikuta Harris ina watu zaidi ya milioni 1.2, ina seneta mmoja, wakati Seneti ina viti 31 na jimbo zima lilikuwa na watu kama milioni 9.6, piga hesabu mwenyewe, kila seneta alipaswa kuwa na watu laki tatu hivi. Watu wa mjini kura yao ilikuwa robo ya kura ya mtu wa mashamba ya ng'ombe. Ongezea kodi ya kura, yaani usipolipa hupigi kura, dola moja na nusu na senti kidogo, na ulipe kabla ya mwisho wa Januari, miezi mitatu kabla ya kura za mchujo, ambapo hata wagombea hujawajua. Maskini gani atakumbuka.

Sasa nani aliondoa hayo? Kesi. Kesi ya Alabama, Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama ya Juu 1964, ikasema viti vya bunge la jimbo vigawanywe kwa watu, si kwa ardhi wala miti, na mahakama ya shirikisho ya huku Texas ikafuata ikatupa ile ya kaunti moja seneta mmoja. Mwaka 1965 ikabidi ramani ya wilaya za uchaguzi ichorwe upya. Mapema 1966 mahakama ya shirikisho ikafuta kodi ya kura kwa uchaguzi wa jimbo. Barbara wakati huo ana kazi ya kuajiriwa ofisi ya jaji wa kaunti, na Texas jaji wa kaunti kwa kweli ni kama gavana wa kaunti, mambo ya barabara na bajeti, msidanganyike na jina. Ramani mpya ilipotoka akakaa nayo mezani akalinganisha na matokeo yake ya zamani, kituo kwa kituo, akagundua wilaya mpya ya 11 ya Seneti karibu yote imeundwa na vituo ambavyo alishawahi kushinda. Weusi, watu wenye asili ya Meksiko, na wazungu wa vyama vya wafanyakazi. Akaacha kazi akagombea.

Mpinzani kwenye mchujo alikuwa mbunge mzungu, J. C. Whitfield, si mtu mbaya, mtu wa wafanyakazi, akawa anauliza mzungu anaweza kushinda hapa? Barbara akawa anajibu hapana, safari hii hapana. Akafundisha watu jinsi ya kuvuta kile chuma cha mashine ya kura kwenye jina lake, kwa karatasi za mfano wa kura, mtaa kwa mtaa. Alishinda kwa mbali. Januari 1967 akaapishwa, mtu mweusi wa kwanza kwenye Seneti ya Texas tangu 1883, mwanamke mweusi wa kwanza kabisa. Watu wa mtaani walijaa kwenye viti vya juu vya wageni, wakaanza kushangilia, na kanuni zinakataza, yeye akainua macho akaweka kidole mdomoni. Kidole hicho mimi nakipenda kuliko hotuba ya Nixon. Siku ya kwanza kazini tayari alikuwa ameshasoma kanuni za kudumu za Seneti.

Kanuni ndo alizifanyia kazi miaka sita. Maseneta 31, thelathini wanaume, wengi wao hawajawahi kukaa meza moja na mwanamke mweusi ila aliyewaletea chakula. Alikuwepo seneta mzee wa San Angelo, Dorsey Hardeman, aliyekuwa anapinga karibu kila kitu alichokuja kukitafuta, lakini ndo mtu aliyezijua kanuni za Seneti kuliko wote. Barbara akamfuata akawa rafiki yake, akajifunza kwake. Wengine walimlaumu kwa kunywa wiski na kucheka na wabaguzi, hata leo huku utasikia mzee anasema alikuwa mpole mno. Mimi sikubaliani nao kabisa na nitawaambia kwa nini.

Seneti ya Texas wakati huo ili mswada usomwe ulihitaji theluthi mbili ya walio ndani wakubali kuuleta. Maana yake watu 11 kati ya 31 wakishikana, mswada hauonekani. Ulikuja mswada wa kuandikisha wapiga kura ambao ungewabana weusi na watu wa Meksiko upya, kodi ya kura imetolewa mlangoni inarudi dirishani. Barbara hakutoa hotuba. Alizunguka akakusanya ahadi za maseneta kumi, yeye wa kumi na moja, akaenda kwa mwenye mswada akamwonyesha hesabu. Mswada ukafa kimya. Hakuna klipu ya siku hiyo kwa sababu hakuna kilichosemwa, na watu maelfu waliendelea kujiandikisha.

Akapitisha sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara, ikawagusa wafanyakazi ambao sheria ya taifa ilikuwa imewaruka, watu wa mashamba, watu wa kufua nguo. Akasukuma fidia za wafanyakazi wanaoumia kazini ziongezwe. Akapigania tume ya ajira zenye haki. Mshahara wake mwenyewe wa useneta ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka, bunge la Texas linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo bado alikuwa wakili wa kutafuta mteja ili ale. Nawaachia wawakilishi wadi na wabunge wetu wa kwetu hesabu ya kulinganisha, mimi nisije nikatukanwa.

Machi 1972 wenzake wote wakamchagua rais wa muda wa Seneti, na kwa desturi ya Texas mtu huyo anapewa siku moja ya kuwa gavana, gavana na makamu wake wanatoka nje ya jimbo makusudi. Siku yake ilikuwa Juni 10, 1972. Baba yake alikuwa pale, akaona binti yake ni gavana wa Texas, akaugua papo hapo kwenye sherehe, akapelekwa hospitali, akafariki kesho yake. Hii sina la kuongezea.

Sasa naingia mahali mashabiki wake hawapendi. Mwaka 1971 ramani ilichorwa tena baada ya sensa ya 1970 na safari hii Barbara alikuwa mezani na kalamu, rafiki wa karibu wa Ben Barnes aliyekuwa makamu wa gavana na mkuu wa Seneti. Houston ikapata wilaya mpya ya bunge la taifa, ya 18, ambayo ilikuwa kama imeshonwa mwilini mwake. Na wakati huo huo ile wilaya yake ya Seneti, iliyompandisha yeye, ikakatwakatwa kiasi kwamba mweusi mwingine hawezi kushinda pale. Curtis Graves, mbunge mweusi wa Houston aliyechaguliwa naye mwaka ule ule wa 1966, akasema hadharani kwamba umeuza kiti chetu cha Seneti ili upate cha Washington. Akagombea naye kwenye mchujo wa 1972, Barbara akamchapa vibaya, kura kama nane katika kila kumi. Wapiga kura walisema wao wameridhika. Lakini fuatilia: baada yake Seneti ya Texas haikuona mtu mweusi tena mpaka Craig Washington alipoingia 1983. Miaka kumi. Naona Graves alikuwa na hoja hata kama alishindwa, na naona Barbara angeweza kupiga kelele zaidi pale mezani kuliko alivyopiga. Watetezi wake wanasema ramani ya Seneti hakuichora yeye, ilichorwa na wazee wasiomtaka mtu wa namna yake abaki. Inawezekana. Lakini ni mtu aliyejua kuzuia mswada kwa kura kumi na moja, na hapa hatukumwona akikusanya.

Huko mjini Washington Barbara alikaa miaka sita, 1973 mpaka 1979, mwanamke mweusi wa kwanza wa kusini mwa Marekani kuingia Kongresi, ndo hilo bunge la taifa. Rais mstaafu Lyndon Johnson alimsaidia kuwekwa kwenye Kamati ya Sheria, na hiyo kamati ndo ikaangukiwa na kesi ya Nixon. Julai 25, 1974 usiku, televisheni, ile klipu. Alianza kwa kusema katiba ilipomalizika Septemba 1787 yeye hakuwamo kwenye wale "sisi watu", kwa muda mrefu alidhani waasisi George Washington na Alexander Hamilton walimsahau kwa bahati mbaya, mpaka marekebisho na tafsiri za mahakama zikamwingiza. Halafu, na hapa ndo klipu za WhatsApp huwa zimekatwa, akaanza kazi ya uwakili kavu kabisa: anachukua maneno ya waliotunga katiba kuhusu kosa gani linastahili kumwondoa rais, anaweka pembeni kitendo cha Nixon, anachukua lingine, anaweka kingine. Hakumtukana mtu. Agosti 9 Nixon akajiuzulu. Ukiisikiliza yote utaona ile miaka ya Boston inaongea.

1975 akafanya kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko Nixon, akapigania sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 iongezwe muda na iguse Texas pia, na wasemaji wa Kihispania walindwe, ili Texas ikitaka kubadili mipaka au taratibu za kura iombe kwanza ruhusa ya serikali ya taifa. Wakubwa wa Texas walikasirika akiwemo gavana. Sheria ikapita. Ulinzi ule ulidumu mpaka Mahakama ya Juu ilipoutoa meno 2013.

Mwaka huo huo wa 1975 akaenda mahakamani kumtolea ushahidi wa tabia njema John Connally, gavana wa zamani aliyeshitakiwa kwa rushwa ya wazalishaji wa maziwa ya ng'ombe, mtu ambaye hakuwa rafiki wa weusi. Connally akaachiliwa. Watu wake mwenyewe Barbara walinuna na mimi ningenuna.

1976 New York akahutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic, mwanamke mweusi wa kwanza kutoa hotuba kuu pale, watu wakaanza kusema awe makamu wa rais. Na yeye mwilini alikuwa tayari anaumwa, ugonjwa wa neva unaitwa multiple sclerosis, uligunduliwa 1973, hakuutangaza, watu wanaona anachechemea wanaambiwa ni goti. Mwisho wa 1977 akatangaza hagombei tena, akiwa na miaka 41. Wangapi wetu wameacha kiti wakiwa juu? Akarudi Texas akawa mwalimu, shule ya Lyndon Johnson ya uongozi wa umma, ambayo iko chuo kikuu cha Texas pale Austin, ndiyo, kile kile kilichomkataa Sweatt. Akafundisha maadili ya uongozi mpaka kifo, wanafunzi wakawa wanapigiwa bahati nasibu kuingia darasa lake. 1992 akahutubia chama tena akiwa kwenye kiti cha magurudumu, 1994 Rais Clinton akampa nishani ya uhuru.

Na kwa sisi wageni wa huku kuna hili pia tulijue, siku zake za mwisho alikuwa mwenyekiti wa tume ya uhamiaji, na tume yake ikapendekeza wahamiaji halali wapunguzwe mpaka 550,000 kwa mwaka na waajiri wahakiki kila mfanyakazi kwa kompyuta. Leo wale wasiotupenda ndo wanamnukuu. Hawanukuu kwamba mwaka 1995 huyo huyo alisimama kupinga wazo la kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa hapa. Alifariki Januari 17, 1996, akazikwa makaburi ya jimbo Austin, mtu mweusi wa kwanza kuzikwa pale.

Ile wilaya ya 18 akaichukua baada yake Mickey Leland, aliyekufa Agosti 1989 kwa ajali ya ndege Ethiopia akienda kuona wakimbizi wenye njaa, halafu Craig Washington, halafu Sheila Jackson Lee karibu miaka thelathini mpaka alipofariki Julai 2024, halafu Sylvester Turner akafariki Machi 2025 baada ya miezi miwili tu. Kiti kikakaa wazi miezi mingi watu hawana mbunge. Na wakiwa hawana mbunge, Agosti 2025, bunge la Texas likaichora ramani upya katikati ya muongo bila sensa yoyote, wabunge wa Democratic wakakimbia jimbo ili akidi isitimie, siku zikaisha wakarudi, ramani ikapita. Wilaya ya Barbara si ile tena.

Ndo narudi kwetu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 89, inasema mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2012. Miaka 12 ikaisha Machi 2024 na tume ya uchaguzi haikuwa na hata kamishna mmoja, viti vitupu tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025. Maeneo bunge ni 290 na hayawezi kuzidi, kwa hiyo siku mtu akikaa na kalamu kuna mahali patakatwa na mahali pataungwa, na kuna mama fulani mwenye sauti nzuri atapoteza kituo chake cha kura na hatajua kwa nini alishindwa. Mawakili wetu wanaotaka viti nawaona kwenye picha za harambee na mazishi, wameshika kipaza sauti. Sijamwona hata mmoja ameshika ramani ya wadi zake na fomu 35A, zile za matokeo ya kura za ubunge za uchaguzi uliopita, kituo kwa kituo, kama huyo mama alivyofanya 1965. Na wananchi nao wakiitwa kutoa maoni ya mipaka ukumbini huwa ni wazee sita na kiti cha plastiki.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kabla gazeti lako halijaweka tena picha za wagombea na hotuba zao, tupeni ukurasa mmoja wa ramani, kaunti moja kila wiki, mipaka ya wadi ilivyo sa hizi, idadi ya watu kwa sensa ya 2019, na kiwango cha katiba cha asilimia 30 au 40 juu na chini tuone nani amezidi na nani amepungukiwa. Anzeni na Mombasa, manake Kisauni na Nyali nikiziangalia hesabu zake huwa sielewi.

Ni mimi msomaji wenu,
Houston, Texas